Shali za Baba

Rainawari, Srinagar
Theluji ya kwanza

Kwa kaka yangu mpendwa Altaf,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kalkuta, na kile kifua kimeacha kukusumbua. Sisi hatujambo. Mama ana afya, baba anakula vizuri, na shangazi Rahti bado anagombana na kila muuza samaki anayepita.

Tangu kiangazi uliniomba nikuulizie habari za shali, maana wateja wako wanataka kujua asili yake na namna ya kuivaa. Nimechelewa kujibu, na sababu utaiona.

Mama anasema asili yake ni baridi tu. Kule nyanda za juu za Ladakh baridi ni kali hata mbuzi huota manyoya ya ndani, mepesi kama pumzi, na baridi ikipungua wachungaji huyachana kwa kitana. Hapa kwetu wanawake huyatia unga wa mchele, huyasafisha, kisha huyasokota. Nilipomtajia ule mchezo wako wa kupitisha shali kwenye pete ili wateja waone wepesi wake, alicheka, akasema nikwambie hata kitambaa cha pua kinapita.

Kwa kuvaa, mwalimu ni shangazi. Mzee wa heshima huikunja akailaza begani. Bi harusi hufunikwa kuanzia kichwani. Anayetaka kuonwa huacha pindo lining'inie mgongoni, na mwenye baridi hujizongea vyovyote. Nikamuuliza, basi mbona mama kila siku huibana ncha moja kwapani, hata kukiwa na jua? Shangazi akainuka, akajifanya anatafuta viatu vyake. Kisha akasema, “Kamuulize mwenyewe. Mimi nilikula kiapo.”

Hapo udadisi ukanipanda. Nilimwandama mama jikoni mpaka akaitua birika ya chai ya chumvi, akaifungua ile ncha. Palikuwa na ua moja limekwenda upande, petali zake zimesongamana. Akaniambia ndilo ua lake la kwanza kufuma.

Kaka, zile siku tulizodhani baba anaficha mikono ndani ya kanzu ya sufu ili kuota chungu cha makaa, alikuwa anaficha kutetemeka. Shali ilikuwa karibu kwisha na tajiri aliyeiagiza anaingoja. Kichochoroni kwetu mwanamke husokota, mwanamume ndiye hukaa kwenye kitanda cha mfumi na kufuma. Basi wakafunga mlango wa chumba cha juu, baba akawa anasoma nakshi kwa sauti kutoka kwenye karatasi, rangi baada ya rangi, na mama anapitisha vijiti vya nyuzi. Majirani walisikia sauti ya baba, wakaridhika kuwa ndiye anayefuma. Tajiri alipoliona lile ua akaikataa. Baba akamvisha mama, akamwambia, “Uliyoifuma ivae mwenyewe. Kesho tunaanza nyingine.”

Nikauliza hiyo nyingine iko wapi. Mama akajibu, “Iko mgongoni mwa mke wa mtu huko Kalkuta.”

Kwa hiyo, kaka, shali zote unazouza ukijisifu kuwa ni mkono wa baba, kumbe ni mkono wa mama. Na hata hilo si lote. Tangu siku ile mama aliponieleza, nami nimefunguliwa mlango wa chumba cha juu, nafuma. Ile ya buluu niliyokupelekea kwa mkono wa Showkat, pindo lake la chini ni langu. Uligeuze ulitazame vizuri, halafu unicheke ukiweza.

Mama hakutaka uambiwe; anaogopa wateja watashusha bei. Baba ndiye aliyeamua. Alisema, “Mwandikie. Mwana anayeuza kazi ya mama yake ajue ni ya mama yake.” Sasa mteja akikuuliza nani kaifuma, utamjibu nini? Nijibu kwa haraka. Mama anajifanya hajali, lakini tangu asubuhi ameniuliza mara mbili kama posta watafungua Ijumaa.

Baba anakuombea dua. Shangazi anasema uvae soksi. Nasi sote tunakukumbuka kila tunapokaa kula.

Mdogo wako akupendaye,
Nilofar