Chini ya Turubai la Bluu

Dada Leokadia,

Hasira ndiyo inayoandika, nivumilie. Wewe ulikufa ukisubiri majibu. Damu yako ilipanda basi kwenda Mpanda kupimwa potasiamu, ile chumvi ambayo figo zako zilishindwa kuitoa. Majibu yaliporudi tulikuwa tumeshakuzika.

Sasa kipimo kimefika hapa kijijini. Kinaingia kwenye mfuko wa shati: tone la damu ya kidole kwenye karatasi, unasubiri kidogo, unatazama rangi. Bluu, uko salama. Njano, moyo unaweza kusimama wakati wowote. Nilikisifu gazetini, nikawahimiza watu waende. Mimi, ambaye ulisema sijawahi kusifu hata wali wako!

Jana nilimpeleka binti yako Veronika. Ana figo zako, dada. Miguu inamlegea. Chumba cha zahanati kina giza, kwa hiyo wanapimia nje, chini ya turubai la bluu. Mzee aliyetutangulia, bluu. Mama mjamzito, bluu. Veronika, bluu. Nesi akacheka: "Mjomba, mbona umenuna? Kijiji kizima ni wazima!"

Hapo nikajitazama. Shati langu jeupe nalo lilikuwa bluu.

Nikaichukua ile karatasi, nikatoka nayo juani. Njano. Njano kama kiini cha yai.

Nilipiga kelele, unanijua. Nesi akanijibu, "Wewe ni wa magazeti, damu tuachie sisi." Kisha akatoka, akaiona mwenyewe. Akakaa chini. Wale wengine walikuwa wameshaondoka na baiskeli zao, wamefurahi, na karatasi zao zimeshachomwa.

Gari la kwenda Mpanda halikupatikana jana. Pikipiki sithubutu, hawezi kujishika. Leo alfajiri kengele ya kanisa la kigango imelia, ile ya msiba. Sijaenda kuuliza ni nani. Veronika amelala hapa mkekani, nimemshika mkono. Mapigo yanakuja, yanaruka moja, nami naacha kupumua mpaka yarudi. Dereva tuliyempata leo kwa simu anasema yuko njiani, Kibaoni, anakuja. Amekuwa akisema hivyo tangu kulipokucha.

Pumzika, dada. Mwanao simwachi mpaka nimkabidhi kwa daktari. Halafu nitarudi, nipite nyumba kwa nyumba, nianze na ile yenye kilio. Watauliza nani aliwaambia waende kupima. Nitawajibu.

Kaka yako.