Kifaru, Swala na Mimi Huko Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Magari yamekuja! Mawili, yanang'aa, yamepaki mbele ya wodi ya wazazi kama mabwana harusi wawili waliofika kumposa binti mmoja. La kijivu ni pana, zito, vyuma vitupu. Wauguzi wamelibatiza Kifaru hata kabla injini haijazimwa. Jekundu ni jembamba, limeinuka juu ya matairi, taa zake zimerembua. Hilo ni Swala.

Mganga Mkuu katutangazia uani. Wauzaji wametuazima yote mawili tuyajaribu kwenye njia zetu mbovu. Ijumaa ya wiki ijayo kikao kitachagua moja, la kuwashusha wajawazito kutoka zahanati ya mlimani. Gari letu la zamani limekufa. Masika ya mwaka jana lilikwama kwenye utelezi, na mtoto wa watu akazaliwa mumo humo. Hakulia. Mkunga nilikuwa mimi. Bado namwona mama yake alivyokuwa akiniangalia.

Kwa hiyo si mchezo huu, ingawa wanaume wote uani walikuwa wakizipigapiga bodi kama wanaopima ng'ombe mnadani.

Kifaru kapewa mume wangu. Dereva wa siku nyingi, hospitali nzima inamwita Kapteni, na yeye anaitika! Swala kapewa dereva mpya, binti mwembamba mwenye mdomo mwepesi. Jina lake la kazini ni Nyuki. Kaja mbio, kamwinamia mume wangu: "Shikamoo, mzee."

Mzee! Mume wangu kaitikia marahaba kama mtu aliyekanyaga msumari.

Fununu za jikoni: atakayeshinda ndiye atakayekabidhiwa gari. Atakayeshindwa ataendesha kigari cha kubeba mashuka ya kufuliwa. Sijamwambia. Bila shaka kaishasikia — leo kaacha nusu sahani.

Jumatano, 5 Machi

Nimepandishwa cheo. Sasa mimi ni mgonjwa.

Mganga Mkuu kasema madereva watatueleza habari za mbele, lakini abiria wetu hulala nyuma. Nani atatuletea habari za nyuma? Macho yote yakanigeukia. Basi nikafungwa mto tumboni kwa shuka, nikalazwa kwenye machela, na safari ya majaribio ikaanza — njia ya mawe, kule machimbo ya kokoto.

Kifaru kwanza. Mume wangu kaniambia, "Tulia, mke wangu, hutasikia kitu." Nimesikia kila kitu! Kila jiwe limenisalimia kwa jina. Mto ulinipanda hadi kifuani, nikakaribia kujifungua kwa mdomo. Mbele yeye anapiga mluzi.

Halafu Swala. Mawe yale yale, jamani, lakini kama mtu anakubembeleza. Nimesinzia. Kweli kabisa! Nyuki kaniamsha: "Dada, umejifungua?"

Mezani jioni mume wangu kauliza, kama vile hajali, "Vipi huko nyuma?" Nimemweleza. Kasema mgongo wangu umezoea godoro laini. Nikamuuliza godoro hilo kanunua nani. Binti yetu kacheka hadi maji yakamtoka puani.

Alhamisi, 6 Machi

Mchanga. Kwenye mkondo mkavu nyuma ya kiwanda cha matofali.

Swala kapita juu juu, hata alama hakuacha za maana. Kifaru kaingia kwa mbwembwe, akaenda hatua chache, akaanza kuzama kama mtu mnene anayekaa kwenye kochi. Mume wangu kakanyaga mafuta. Kazidi kuzama. Kaweka gia ya nguvu. Kazama kwa nguvu. Mwishowe nimeshuka na mto wangu tumboni, nimeshika koleo — mwenye baiskeli aliyekuwa anapita kasimama kunionea huruma, kamgombeza mume wangu kwa kumchimbisha mchanga mama mja mzito! Nyuki kakaa chini kwa kucheka.

Kapteni kachimba hadi shati likalowa jasho.

Nyumbani: "Mchanga si barabara."

Binti yetu: "Kwani mawe ni barabara, baba?"

Kaenda kulala bila chai.

Jumamosi, 8 Machi

Leo ilikuwa siku ya Kapteni. Mteremko wa zahanati — sisi tunauita hivyo, ingawa kwenda ni mpando, tena mpando wa kukwea kwa magoti. Mifereji imeukata katikati, udongo mwekundu, upande mmoja bonde.

Swala kaanza vizuri. Kwenye mfereji wa pili tairi moja la mbele likaning'inia hewani na moja la nyuma vilevile, yakazunguka bure kama pangaboi. Taa za dashibodi zikawaka zote, gari likalialia kama simu isiyo na chaji. Kisha tumbo likakaa juu ya tuta — kru! Tukarudi nyuma polepole. Mimi nilikuwa nimeshika machela, na bonde nilikuwa naliona kwa dirisha la miguuni. Sikusinzia.

Kifaru kapanda kama anayepanda ngazi za kwake. Mume wangu alifunga difu, matairi yote yazunguke pamoja, akaliacha litambae lenyewe, mguu hata haukugusa mafuta. Kunirusha kanirusha, nimeuma ulimi. Lakini kufika tumefika, hadi mlangoni pa zahanati, muuguzi wa kule kapiga vigelegele.

Nilijua tutalipia. Mume wangu kashuka, kavuta suruali juu, kamngoja Nyuki apande kwa miguu. Nikasema sasa matangazo yanaanza. Nyuki kafika anahema, kaniruka mimi, kamwendea yeye: "Mzee, nifundishe. Nilikosea wapi?"

Basi majivuno yote aliyoyapanga Kapteni yakakosa pa kukaa. Kamshika bega, kamshusha hadi kwenye mfereji, kamwonyesha pa kuweka tairi, pa kutoweka. Wamekaa kule hadi jua limetupa kisogo. Njiani kurudi kaniambia yule binti ana mikono mizuri. Halafu, haraka: "Gari ndiyo shida."

Jumapili, 9 Machi

Mume wangu kaleta Kifaru nyumbani, eti ruhusa anayo. Kamwosha asubuhi nzima. Kwa sponji langu la vyombo!

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Tangu alfajiri, nene, haina haraka ya kwenda popote.

Wodini Nyuki kaja kunisaidia kukunja mashuka, kajifanya hana kazi. Kamwaga kilichomleta: mimi nikisema kikaoni Swala ni bora, mzee atamchukia yeye? Nimemwambia mzee hamchukii mtu, ananuna tu, na kununa kwake hakudumu hata kikombe kimoja cha chai. Kasema yeye gari la mashuka haliogopi. Anaogopa kuletwa pale kwenye mpando, nyuma kuna mama analia, na matairi yanazunguka hewani. Sauti yake haikuwa ya Nyuki hata kidogo.

Nyumbani mume wangu naye kanikalia mbele.

"Ijumaa utasema nini?"

"Mgongo unasema Swala. Macho yaliyoona ule mpando yanasema Kifaru."

"Na moyo?"

"Moyo hauna matairi, Kapteni."

Kacheka. Kanimegea kipande chake cha mkate. Nikajua anaogopa sana.

Jumanne, 11 Machi

Jaribio la maji. Kivuko cha mto, chini ya mpando. Daraja la magogo lilisombwa zamani, mkubwa mmoja alikuja akapiga picha, likabaki picha.

Kwa hiyo leo: mto tumboni, mto mbele. Nimewaambia kichekesho changu, hakuna aliyecheka, wote wawili walikuwa wanatazama maji.

Yalifika nusu ya tairi tu. Swala ana bomba la kupumulia lililopanda pembeni hadi juu ya paa. Nyuki kasema gari lake linaweza kuzama likavuta sigara. Kifaru hana bomba. Kapita polepole, anaogopa kulowa pua. Lakini kapita wima. Swala ni mwepesi — katikati ya mkondo nimehisi kabisa makalio ya gari yakisukumwa pembeni, kidogo, kama mtu anayekusogeza kwenye benchi. Nyuki kahisi pia. Kanitazama kwa kioo.

Nikifika kikaoni nitasema nini? Mmoja hapandi, mmoja hapumui. Mmoja anakulaza kama mtoto, mmoja anakupiga kama ngoma. Laiti ningeweza kuomba mbele ya huyu na nyuma ya yule.

Jumatano, 12 Machi

Mvua tu. Wodini wamezaliwa mapacha, wote wana sauti. Mume wangu kaulizia mara mbili kama nimeshaamua.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika gotini, ndani ya Swala, ukingoni mwa mto. Mama kasinzia kati ya uchungu na uchungu. Nisipoandika nitaanza kutafuna kucha, na mikono hii inatakiwa safi.

Asubuhi zahanati ya mlimani walipiga simu: mwanamke wa uzazi wa kwanza, mtoto amekaa kimshazari, hawezi kupita njia yake. Ni kisu tu. Mganga Mkuu akasema nendeni na magari yote mawili, moja likigoma lingine liwepo. Tukavuka mto asubuhi maji yakiwa yanafikia ngazi ya mlango. Swala akaachwa chini ya mpando, hata hakujaribu, Nyuki mwenyewe alisema, "Mzee, huko nakuachia." Tukapanda na Kifaru. Udongo umekuwa sabuni. Mara mbili tuliteleza kuelekea bondeni, mara mbili mume wangu akaliacha lishuke kidogo, likashika, likapanda. Hakupiga mluzi.

Kushuka na mama ndani ndiko kulikonitoa roho. Kila tuta alinikamata mkono, kucha zikaingia. Hakulia. Alisema tu, "Dada, mwambie taratibu." Nikamwambia. Kapteni wangu, mtu wa kubishana hata na redio, akajibu, "Mwambie anisamehe." Kila tuta, "Mwambie anisamehe."

Tulipofika hapa mto ulikuwa si ule wa asubuhi. Wa rangi ya kahawa, umejaa hadi kwenye nyasi, unabeba matawi. Pua ya Kifaru ingezama kabla hatujafika katikati. Swala angepumua, ndiyo, lakini angechukuliwa kama sahani.

Walisimama kwenye mvua wakitazama. Mimi nilishuka, nikawaambia mapigo ya mtoto bado mazuri lakini sitaki kuyasikiliza hapa hadi jioni. Nilisema kwa sauti ya wodini.

Aliyepata wazo ni Nyuki au mume wangu, sijui, walianza kusema pamoja na kumalizana maneno. Kifaru ana winchi, ile mashine ya kuvutia, yenye waya mrefu wa chuma. Abaki ukingoni, mzito kama alivyo, upande wa juu maji yanakotoka. Waya ufungwe ubavuni kwa Swala. Swala avuke na mama, Kifaru amlegezee waya kidogo kidogo, maji yakimsukuma ashikwe.

"Kwa hiyo wewe unabaki upande huu," nikamwambia mume wangu.

"Nitabaki."

"Na gari lako ndilo litakalokuwa kigingi."

"Kuna kazi gani mbaya ya kuwa kigingi?" Kisha akafungua mlango wa nyuma, akaniambia kile ambacho wiki mbili hizi ningedhani kitamkwama kooni: "Mke wangu, mama mhamishie kwa Nyuki. Kwake atalala."

Tukambeba yeye na mimi, machela juu ya mabega, matope magotini. Alipomweka chini alimwomba radhi tena, mwenyewe, sasa bila kupitia kwangu.

Wanamaliza kufunga waya. Nawasikia nje ya dirisha.

"Mzee, ukilegeza ghafla nimekwenda."

"Silegezi ghafla. Wewe usikanyage mafuta kwa hofu."

"Nikiogopa je?"

"Ogopa. Mguu uwe mwepesi tu."

"Sawa, Kapteni."

Kamwita Kapteni! Katikati ya mvua hii yote nimemwona anavyonyoosha mgongo.

Kaweka mawe makubwa chini ya matairi ya Kifaru, yote manne, kayapiga teke moja moja. Sasa kasimama ubavuni, mkono mmoja kwenye kitufe cha winchi. Mwingine kaushika waya, kana kwamba waya ukikatika mkono wake utaushinda mto. Nataka kumtania. Nitamtania jioni.

Nyuki kapanda. Kalowa hadi nyusi. Kawasha, injini inanguruma chini kwa chini. Kaniuliza, bila kugeuka, mapigo yakoje. Nimesikiliza. Yapo. Yanakimbia kidogo, lakini yapo.

Mama kaamka. Kauliza yule mwanamume kule nyuma kwenye mvua ni nani.

"Mume wangu," nimemwambia.

"Anavuka na sisi?"

"Yeye anatushika."

Matairi ya mbele yameingia majini. Waya umekaza — nimeusikia ukiimba. Uchungu unakuja tena, kanishika mkono huu huu wa kuandikia, na wacha aushike.