Futa Jina Langu

Mjukuu wangu Keza,

Sisi huku Gisenyi tu wazima. Mama yako yuko Mahoko sokoni. Mimi tu sina raha tangu uliponiuliza kama ni utovu wa adabu kuondoa shukrani zako kwangu kwenye makala unayotuma kwa jarida.

Nikiwa msichana Tanzania, nilimpigia chapa mwalimu mmoja wa chuo. Jarida lake nalo halikutaka jina lolote, ili wapime kazi bila kumjua mwenyewe. Nilitoa jina lake kila ukurasa, ila mwishoni niliacha mstari wa kumshukuru marehemu baba yake kwa jina. Nani anamfuta mzee wa watu? Makala ikarudi bila kusomwa. Mwalimu hakunigombeza. Alichukua kalamu, akaufuta mstari ule mwenyewe.

Basi futa, mama, kisha kagua tena kabla ya kutuma. Nakala uliyonipa nimeisoma mara tatu. Chini ya picha ya viazi umeandika "shamba la bibi yangu, Busasamana". Andika "shamba" tu. Viazi vyenyewe vinanijua.

Bibi yako