Skrubu Tatu Nyeupe

Alhamisi, 6 Februari 2025

Kwadi ya Daudi imelala gereji leo. Pikipiki ya magurudumu manne, anapelekea chanjo za mifugo vilimani huko Mpwapwa. Bwana mifugo mpole, ila kilio chake ni kimoja: ikifika mlimani inahema kama mzee wa pumu, anashuka anaisukuma! Fundi mwenzangu Abeli kaishughulikia asubuhi nzima. Oili, plagi, kabureta, hata koili kule nyuma ya magneti kaifungua na kuisafisha. Akasema iko sawa, ndivyo ilivyotoka kiwandani.

Nikasema nguvu inaweza kuongezwa. Nimeona kwenye video – ile sahani inayoshika koili, ndiyo inayoamua cheche ije lini. Unayapanua matundu yake kwa tupa, unaizungusha kidogo, cheche inawahi, basi. Mzee Hamidi hakuinua hata macho. Akasema kipuri cha mteja hakikatwi kwenye gereji yake. Abeli akatania: "Dada Salha, wenye video yako hawanunui petroli ya kwenye chupa ya maji kama Daudi!" Wakacheka wote. Nikacheka na mimi.

Moyoni nilichemka. Miaka mitatu hapa, bado mimi ni wa kuchekwa.

Ijumaa, 7 Februari

Nimefanya!

Mzee kaenda kuswali Ijumaa, Abeli kaenda kula. Gereji yangu peke yangu. Nimetoa magneti, nimetoa sahani, nimeibana kwenye jiriwa. Matundu yalikuwa ya duara, sasa marefu kama kokwa za tende. Nikaizungusha mpaka mwisho. Kidogo ingetosha, lakini nilitaka Daudi aone tofauti.

Likabaki la rangi. Hapa kila fundi anatia tone la rangi yake kwenye skrubu aliyoikaza, ili mzee ajue nani kagusa wapi. Mimi nyekundu, rangi ya kucha, wateja hunicheka. Abeli nyeupe, ile ya kufutia maandishi. Tone jekundu pale lingekuwa kujishtaki mwenyewe. Kichupa cha Abeli kilikuwa kwenye rafu. Matone matatu, skrubu tatu. Mkono haukutetemeka.

Nikawasha kwa swichi. Loo! Mngurumo mwingine kabisa.

Jumamosi, 8 Februari

Daudi kaja kuchukua mashine. Kaizungusha mpaka barabara ya lami, karudi meno yote nje. Akamshika Abeli mkono hataki kuuachia: fundi, mkono wako una baraka! Abeli kashangaa, anasema ni oili tu na plagi. Mzee naye kichwa juu, kama kazi kaifanya yeye.

Mimi nafagia. Sifa zangu zimeenda kwa mwingine na siwezi kuzidai.

Jumatano, 12 Februari

Daudi kapiga simu. Kapanda kilima chote bila kushuka! Kamsifu Abeli tena. Nimenuna mchana kutwa, mzee kaniuliza kama naumwa jino.

Jumatatu, 17 Februari

Daudi kavunjika mguu.

Ilikuwa Jumamosi. Betri ilikuwa imeisha, yuko korongoni peke yake na boksi la chanjo. Akapiga kiki. Ikamrudia mguuni. Kifundo kimevunjika sehemu mbili. Kalala kwenye matope tangu asubuhi mpaka alasiri, wachunga ng'ombe ndio waliomkuta, wakambeba juu ya kitanda cha kamba. Chanjo zote zimeharibika kwa joto. Sasa yuko hospitali hapa mjini.

Mdogo wake ndiye aliyekuja kutueleza. Alipotamka tu "kiki" nikajua. Cheche ikiwahi mno na injini imepoa, kiki inarudi kwa nguvu zote za injini. Na mimi sikupiga kiki hata mara moja! Niliiwasha kwa swichi, betri imetoka kuchajiwa, nikaridhika na mngurumo.

Mzee akauliza nani alifungua upande wa koili mara ya mwisho. Abeli akasema, "Mimi, mzee." Hivyo tu, bila kufikiri. Na mimi nimesimama na spana mkononi, nakaza nati ambayo tayari imekaza.

Nimerudi kusoma niliyoandika tarehe 7. "Mkono haukutetemeka." Naona aibu hata mbele ya daftari langu mwenyewe.

Jumanne, 18 Februari

Mzee kamkataza Abeli kugusa injini mpaka kwadi iletwe na kufunguliwa. Wanaileta Ijumaa kwa pikapu. Likionekana kosa lake, aende. Miaka kumi na moja yuko hapa!

Leo kashinda anaosha vipuri kwa petroli, amechuchumaa pale nje kwenye jua, na wateja wake wanapita wanamwona. Huyu ndiye aliyenifundisha kuegemeza bisibisi sikioni ili nisikie injini inasema nini. Wengine wote walikuwa wananituma chai.

Jioni nimechakura kwenye vyuma chakavu. Kuna kwadi iliyokufa, aina ileile. Nimetoa sahani yake, nzima, matundu ya duara. Nimeiweka mkobani chini ya mtandio. Ya nini? Najua ya nini. Dakika ishirini tu peke yangu na ile mashine, kosa halipo.

Lakini mguu utabaki umevunjika. Na Daudi ataambiwa hakuijua mashine yake.

Alhamisi, 20 Februari

Abeli kaniomba nimsindikize hospitali. Eti peke yake hana uso. Yeye hana uso!

Alikuwa na zabibu za shambani kwao Hombolo, mfuko mzima. Akanipa mimi niubebe. Daudi amelala, mguu umefungwa plasta mpaka gotini, anatabasamu. Abeli akasimama miguuni pa kitanda kama mtu aliye kanisani. Akasema: "Kaka Daudi, nisamehe. Sijui nilikosea wapi, lakini mikono ni yangu."

Daudi akamwambia ajali haina kinga, aache. Kisha akanigeukia akanishukuru kwa zabibu.

Nilitaka ardhi inimeze. Nikasema zimeoshwa. Ndilo neno pekee lililonitoka pale – zimeoshwa.

Nyumbani sikula. Mama akanishika kipaji cha uso, akasema niseme kama naumwa, mficha uchi hazai. Anadhani ni malaria. Nikamwambia ni joto.

Ijumaa, 21 Februari

Naandika hapahapa gereji, nimekaa juu ya tairi.

Kwadi imefika saa sita kasoro, ina matope mpaka kwenye usukani. Mzee alikuwa keshatawadha, anaelekea msikitini. Akasema tutafungua akirudi, mbele ya wote. Kisha akanionyesha kidole: "Atakayefungua ni Salha. Huyu hana upande." Nikaitikia. Nikaitikia "ndiyo, mzee"!

Nilidhani Abeli atakwenda kula kama kawaida. Nilikuwa nimeshaingiza mkono mkobani, nimeigusa ile sahani. Hakwenda. Anafuta zana zake moja moja na kuzipanga kwenye boksi. Ovaroli yake kaileta imefuliwa, imekunjwa, kaiweka juu ya kiti cha mzee. Sijawahi kuiona ovaroli ya Abeli haina mafuta.

Amenieleza bila kuulizwa. Siku ile ya tarehe 6 mama yake alikuwa kalazwa, mawazo yalikuwa mbali. Amejaribu kukumbuka alivyozikaza zile skrubu, hakumbuki. Anasema pengine aliiweka sahani vibaya. Pengine uzee. Ana miaka arobaini na mbili!

"Ukikuta alama nyeupe, dada, usinifiche," akasema. "Sema tu. Wewe sema kama unavyoona."

Nilifungua mdomo. Wallahi niliufungua. Akapita mteja akauliza kama tunaziba pancha, nikamjibu mteja.

Sasa hivi Abeli kaja hapa kwenye tairi. Kanipa kichupa chake. Ile nyeupe. Anasema kimebaki nusu, nikichukue mimi, yangu nyekundu hufutika kwa petroli na yeye huko aendako hakitamfaa. Anasema yeye alikipenda kwa sababu nyeupe haifichi kitu.

Kiko mkononi. Bado kina alama ya kidole chenye grisi, na hicho kidole ni changu, ni cha siku ile, kidogo mno kuwa cha Abeli. Yeye hakuiona.

Watu wanatoka msikitini. Abeli kasimama, kafunga vifungo vya shati mpaka shingoni. Mzee yuko getini, anavua kofia, ananiita nije na bisibisi.

Nimeitoa ile sahani mkobani. Nimeiweka juu ya meza, hapo hapo atakapopita. Ameiona. Anauliza hii ya nini, Salha –