Upande Wenye Nyuzi

Assalaam aleikum, Sumeya, mpwa wangu wa huko Eldas. Hili sijamwambia mtu: lile shuka lako la viraka nililificha nyuma ya debe la unga, nikiomba lisahauliwe.

Huku Garissa sote wazima, ila shule imetubana na mitihani. Umeuliza kwa nini upande mmoja wa shuka hilo una nyuzi kama ndevu za mbuzi. Ulipozaliwa nilikuwa na miaka kumi. Fundi cherehani alinipa mabaki ya vitambaa, nikayaunga kwa mkono ili nikupe zawadi yangu mwenyewe. Sikujua kwamba shuka kama hilo hutiwa bitana kuficha mishono. Nilipoligeuza nyuma, niliona aibu, nikalificha.

Mama yangu, ayeeyo wako, alilikuta alipofuata unga. Akapapasa mishono.

“Umeshona wewe?”

“Ndiyo, hooyo. Ni baya. Ona manyoya yake.”

“Mikeka niliyosuka ya kufunikia nyumba zetu tulipokuwa tukihama ilikuwa na manyoya pia. Hayo huangalia mvua. Upande laini huangalia watoto. Sasa ubaya uko wapi?”

Hakunibembeleza. Alisema nami kama msusi mwenzake, kisha akaenda kuchekecha unga. Mpaka leo namstaajabia kwa hilo.

Nikanawa mikono, nikaingia chumba alimolala mama yako nawe, nikakufunika nalo, upande laini ndani. Jioni nilirudi kwa fundi kuomba mabaki mengine.

Habaryar wako, mdogo wa mama yako,
Hodan