Mkwe Ameleta Mashine, Nami Nimehamia Jikoni

Mpendwa Bi Saoudat, mshauri wetu, nakupa mkono wa heshima na naomba msaada wako kabla sijachanganyikiwa. Mimi ni mjane wa hapa Moroni, nilizaliwa na kusomea Unguja kwa wazazi Wangazija, tukarudi kwetu nikiwa msichana mkubwa, ndiyo maana gazeti lenu la Mombasa likinifikia nalisoma mpaka matangazo ya vifo, na barua hii sikuitia posta, nimempa mtu anayesafiri, kwa sababu tangu wale askari wazungu wa kukodiwa watue hapa mwaka wa sabini na nane mtu huangalia anaandika nini na anampa nani, na majina yote humu nimeyageuza.

Shida yangu ni ya aibu. Umeme unaniumiza. Najua utacheka, hapa wamecheka wote.

Nyumba ninayokaa ilikuwa ya bibi mzaa mama, na kwetu Ngazija nyumba ni ya wanawake, mama humwachia binti, mume huingia na sanduku lake la nguo na akikosana na mkewe hutoka nalo, kwa hiyo binti yangu wa pekee, Nouriat, alipoolewa kwa harusi kubwa, ile ya ada ambayo mji mzima hula, mume ndiye aliyehamia kwetu. Mkwe wangu anaitwa Chanfi. Ni kijana mpole, ananibusu mkono, hana neno baya, lakini kazi yake ni udereva kwa wale wazungu wa kambini, na kaka yangu Combo anayekaa Mvouni, ambaye kama mjomba ndiye aliyemwoza Nouriat, alisema siku hizi mwenye mshahara ni nani tena kama si huyu. Taa ya umeme tulikuwa nayo moja tangu uhai wa marehemu mume wangu na haikunidhuru hata siku moja. Chanfi aliingia na friji refu kunipita mimi, feni, zile taa ndefu nyeupe za dari, kinasa sauti, na sanduku la chuma la kutulizia umeme linalokaa chini likivuma, halafu wakaja mafundi wakamwekea ukumbini redio ya kuitiwa kazini, na antena yake wakaisimika juu ya paa langu bila hata kusema hodi.

Nilianza kuumwa wiki ile ile. Nikikaa ukumbini masikio yanavuma, uso unawasha kama nimepakwa pilipili, moyo unakwenda mbio bila sababu, na kichwa, Bi Saoudat, kichwa kinauma kutoka kisogoni mpaka kwenye meno, na ile redio ikikohoa na kutoa sauti ya mwanamume anayefoka kwa Kifaransa ndiyo kabisa, mikono hunitetemeka hata chai inamwagika. Nikitoka uani natulia, nikirudi ndani kinaanza tena. Daktari alinipima presha akasema ni ya msichana, akanipa vidonge vya usingizi. Mwalimu wa dua alisema ni jini la Kizungu, akaniandikia kombe, aya za kuoshwa sahanini, nikanywa, jini likabaki pale pale ukumbini.

Nikapanda boti nikaenda Mutsamudu, kisiwa cha jirani, kwa Saandia, dada yangu kwa baba, anayekaa mji wa zamani chini ya ngome, kwenye vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana sharti mmoja ageuze bega, nyumba ya mawe yenye kuta nene na taa ya mafuta. Nililala kama mtoto mchanga. Nikala mpaka Saandia akanitania kwamba nimekuja kumaliza mchele wote wa bandarini. Nikasema basi, ushahidi ndio huu, ni umeme. Lakini nisikufiche, siku ya kuagana Saandia akaniambia huku akicheka kwamba nyuma ya ukuta wa chumba nilicholala jirani yake ana friji la kugandishia barafu za kuuza, linanguruma usiku na mchana. Papo hapo kichwa kikaanza kuuma. Sijui maana yake nini, na hilo sikumwambia mtu mpaka leo.

Niliporudi Moroni ningefanyaje? Kwetu mkwe hasemwi. Mama mtu mzima hamwambii mume wa bintiye zima hiki, ondoa kile. Nikachukua mkeka na mto nikahamia jiko la uani, pale penye mafiga na kuni, nikasema nitakaa siku mbili tatu, na sasa ni miezi, nguo zangu zote zinanuka moshi.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Jirani yangu Koultoumi alinijia siku moja na sahani ya samaki, akakaa juu ya kibao cha mbuzi, akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, umefanya jambo ambalo limewashinda wanaume wa mji huu. Umekataa kulala chini ya antena yao." Nikamwambia, "Koultoumi, mimi ninaumwa kichwa." Akatabasamu. "Ndivyo hivyo hivyo useme," akaniambia. "Wakikuuliza, sema kichwa."

Na mimi nikanyamaza. Baada ya yeye akaja mwingine, na mwingine, huyu na mihogo, huyu na kanga, wananiuliza hali huku wakitazama antena, na nisiseme uongo, ilinipendeza, kwa sababu tangu nifiwe hakuna aliyekuwa akinijia isipokuwa kuazima ndoo. Mwezi uliopita kulikuwa na harusi mtaa wa pili, wanawake wakanipisha mbele kabisa kwenye mazulia, wakanimwagia marashi. Nouriat aliingia nyuma yangu na tumbo lake ambalo sasa limechomoza, wakasogea, si kwa kumpisha, kwa kumkwepa. Alikaa peke yake karibu na mlango na sinia la wali mbele yake, na hakuna mkono wa pili ulioingia katika sinia lile. Nilimwona. Nikageuka nikaendelea na mazungumzo.

Sasa mkwe ameulizwa kazini kwa nini mama mkwe wake analala jikoni na nyumba anayo. Habari imefika mpaka huko, na huko hawaioni kichekesho. Nouriat alikuja akasimama mlangoni pa jiko akasema, "Mama, Chanfi anaomba urudi ndani kabla ya Ramadhani. Wakimuuliza tena hatakuwa na la kujibu." Nikamuuliza, "Na wewe wasemaje?" Akasema, "Mimi sina la kusema." Kila alasiri huja akasimama pale pale, mara chumvi imekwisha, mara hasemi kitu, halafu hurudi ndani. Combo naye ameteremka kutoka Mvouni amenifokea mbele ya majirani, "Unataka kutuponza sote kwa ajili ya kichwa? Meza aspirini ulale ndani kama watu."

Nikirudi ndani nitaumwa, na wale wanaonijia watasema nimenunuliwa. Nikibaki jikoni naogopa siku moja gari lao litasimama mlangoni, limchukue Chanfi au limchukue Combo. Nikienda kukaa Mutsamudu moja kwa moja, nyumba ya bibi yangu nitakuwa nimewaachia wenye mashine, na sijui kama nitairudia. Nifanye nini, Bi Saoudat? Nimechoka, na hakuna wa kumwambia nimechoka na nini.

Mama wa Jikoni, Moroni

*Bi Saoudat anajibu:*

Mama wa Jikoni,

Sijacheka. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikasirika, kwa hiyo nivumilie.

Kwanza kichwa chako. Mimi si daktari, wala sitajifanya najua umeme unafanya nini ndani ya mwili wa mtu. Lakini habari ya friji la Mutsamudu umeileta mwenyewe, na nakuheshimu kwa hilo, wengi wangeificha. Ulilala ukuta mmoja nalo, ukala mpaka ukataniwa, na ulipotajiwa tu kichwa kikaanza. Hiyo haina maana kwamba unajifanya. Maumivu ni maumivu, na anayekwambia huumwi mwambie akuazime kichwa chake kwa siku moja. Ila huenda si friji. Nyumbani kwa bibi yako kimeingia kitu ambacho hukukitaka, na kila mlango wa kukisemea umefungwa, maana mkwe hasemwi, kaka habishiwi, na wenye bunduki ndio usiseme. Mtu akizibwa mdomo pande zote, mwili nao hutafuta pa kupasukia. Naweza kukosea. Rudi hospitali, safari hii mwambie daktari habari za masikio na moyo, na ya friji la Mutsamudu usimfiche. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Pili, hao wanaokujia na samaki. Wamekuvika kilemba cha ukoka nawe umekiweka sawa kichwani. Wanataka mtu wa kukataa kwa niaba yao, asiwe wao, awe wewe, na ikifika siku ya kuulizwa kila mmoja atakuwa na mlango wake wa kufunga. Simlaumu Koultoumi, watu wakiogopa sana hutafuta shujaa popote, hata jikoni. Lakini wewe ulijua. Kama kweli ungekuwa umehamia jikoni kwa kuwakataa wazungu wale, ningekuandikia barua nyingine, na ningekusalimia nimesimama. Umesema mwenyewe ni kichwa. Basi mwite Koultoumi umwambie tena kwamba unaumwa, na akitabasamu mwambie mara ya pili usoni pake, bila kupepesa. Mazulia ya mbele utayapoteza. Yaache yaende.

Tatu, usiende Mutsamudu. Si sasa. Ukitoka leo, kila mtu atakuwa na hadithi yake, na huko kambini watakuwa na ya kwao.

Fanya hivi. Combo ndiye aliyemleta Chanfi, basi kazi ni ya Combo, si yako. Mwambie ateremke tena, safari hii bila kufoka, akae na Chanfi wanaume wawili, amwambie kwamba Nouriat anakaribia kujifungua na ukumbi unatakiwa kwa ajili ya mzazi. Mambo ya uzazi hayahitaji maelezo. Wanawake wataingia na kutoka, maji ya moto, mafuta, mtoto mchanga anayetaka kulala, na mwanamume mwenye adabu huondoa vitu vyake kabla hajaambiwa. Mashine ya redio na lile sanduku la chuma vihamie jikoni uliko wewe, na antena ifuate huko. Friji likae barazani. Wewe urudi ndani. Hapo mkwe hajasemwa, kaka hajavunjiwa heshima, na hakuna mkubwa wa kambini atakayeuliza kwa nini nyumba ya mzazi inataka utulivu. Wakimuuliza Chanfi tena, jibu analo, tena ni la kweli.

Sitakuahidi kwamba utapona. Hata mashine ikihama, mwenye mashine bado atakuwa anakula kwako, na wale waliomtuma bado watakuwa juu ya kisiwa. Hilo si la mama mmoja kuliondoa, na gazeti hili halina ushauri nalo.

Sasa lililonikasirisha. Umeniandikia masikio, meno, kisogo, chai iliyomwagika, na binti yako umempa mistari michache. Anakuja kila alasiri mpaka mlangoni, hasemi, anarudi. Unadhani anafuata chumvi? Wewe ulipoumia ulikuwa na jikoni pa kukimbilia, na Saandia, na majirani na sahani zao. Yeye analala na mashine ile kila siku akiwa na mimba, wenzake wamemsusa kwa sababu yako, hana mama ndani, na hawezi hata kubeba sanduku akatoka kama angeweza mumewe, kwa sababu nyumba ni yake. Umewahi kumuuliza yeye kichwa hakimuumi?

Usimngoje Combo, wala mafundi, wala Ramadhani. Leo hii, ukimaliza kusoma, ingia ukumbini ukakae na mwanao. Kichwa kitakuuma. Kaa hivyo hivyo.