Haramia wa Mlango wa Kijani

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Mashavu ya Kulwa bado yamevimba. Ya Doto yameanza leo. Matubwitubwi. Mwalimu Mkuu amenipa ruhusa nikae nao mpaka wapone. Baba yao yuko na treni, Kigoma, atarudi akirudi. Uji hauna sukari, wameususa. Ugomvi tangu asubuhi, nani kamvuta nani shuka.

Mchana nimepasua boksi la sabuni nikawachorea mchezo. Njia ya misafara ya zamani, kutoka hapa Tabora mpaka Ujiji, kituo kwa kituo. Ukifika Ujiji unapanda mtumbwi, unaingia ziwani. Ziwa nimelipaka bluu ya kufulia. Katikati kisiwa, kisiwani haramia na hazina yake. Kete ni maharage. Tunarusha simbi, kombe ndogo za pwani, zile zinazoangalia juu ndizo hatua zako. Hakuna kufa. Ukinaswa na haramia unaimba au unaosha vyombo. Nimenaswa mimi. Nimeosha.

Jumanne, 6 Agosti

Haramia hakuwa na sura. Doto akasema hamwogopi. Nimempa sura ya Mzee Kibwana. Jicho lake lenye ukungu nimelifunga kitambaa. Kofia yake ya viua. Pengo. Nyuma yake mlango wa kijani wa duka lake, ule ule niliomwandikia jina kwa mkono wangu, rangi nyeupe. Watoto wamecheka huku wameshika mashavu kwa maumivu.

Mzee Kibwana ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Watani. Tangu tuhamie hapa Ng'ambo hatujawahi kuamkiana kwa adabu. Yeye ananiita mpagazi. Eti babu zangu walibeba mizigo ya babu zake mpaka vichwa vikawa bapa. Mimi namwita haramia wa pwani. Mkewe alipofariki mwezi uliopita nilijilaza mbele ya jeneza, nikazuia lisitoke mpaka nipewe kuku. Ndiyo kazi ya mtani. Alicheka huku analia.

Jioni nimempelekea boksi ajione. Amecheka mpaka kikohozi kikamshika. "Umeninenepesha, mpagazi! Mimi haramia gani mwenye kitambi, sukari yenyewe hakuna?"

Jumatano, 7 Agosti

Kulwa ameuliza hazina ya haramia imefichwa wapi. Nimechora kitanda, chini yake gunia. Sukari, nikawaambia. Wamepiga vigelegele. Hazina gani nyingine wangeitaka mwaka huu?

Sasa nakaa nawaza. Gunia lile lipo. Nusu gunia, chini ya kitanda chake. Sukari hiyo ameikusanya kidogo kidogo kutoka kwenye mgao wa duka kwa ajili ya chai ya arobaini ya mkewe. Kaniambia mimi peke yangu, kwa kuwa mimi mtani ndiye nitakayepika hiyo chai. Mkono umechora kabla ya akili. Kesho nitapaka rangi juu yake.

Alhamisi, 8 Agosti

Sikupaka. Bluu imekwisha, na mchezo umenoga. Watoto wa jirani waliokwisha ugua wamejaa barazani. Wametunga na wimbo. Haramia, Haramia, amka kitandani, tunataka kilichomo chini. Nimecheka. Hata mimi nimeuimba nikipepeta mchele.

Jumapili, 11 Agosti

Natoka misa, nimepita Gongoni. Watoto nisiowajua wamechora ziwa letu mavumbini, wanaimba wimbo ule ule. Mmoja amejifunga jicho kwa leso. Haramia wao anaitwa Kibwana, waziwazi.

Mimi ni mtani wake. Hao si watani wake. Mama zao wanapanga foleni dukani kwake wanaambiwa sukari imekwisha. Sikuliwaza hilo hata kidogo. Nimefika nyumbani nimelificha boksi juu ya kabati. Nimeshachelewa.

Jumanne, 13 Agosti

Wamekuja kwa Mzee Kibwana. Balozi wa nyumba kumi, Maganga, na vijana wa mgambo. Hawakuhangaika dukani. Wameingia moja kwa moja chumbani, wakainua kitanda.

Nimewaona wakilitoa gunia. Mzee amesimama mlangoni na kanzu ya nyumbani, miguu mitupu. Watu wameita mlanguzi, mlanguzi. Mtoto mmoja ameanza wimbo, akapigwa kofi na mama yake.

Kisha Maganga akaja kwangu kuulizia boksi. Amesikia habari zake kwa wanawe. Kulwa akapanda kiti akamletea, furaha tele, akidhani anataka kucheza.

Sijala.

Jumatano, 14 Agosti

Kikao, kwa Balozi. Boksi mezani. Mzee Kibwana kwenye kigoda, sisi kwenye mikeka. Ameeleza kuhusu arobaini. Maganga akasema kila mtu ana msiba wake na hanywi chai. Sukari itauzwa duka la ujamaa. Duka la Mzee lifungwe mpaka kamati ya kata ikae. Duka hilo ndilo linalomlisha, hana shamba, hana mtoto.

Halafu Maganga akainua boksi. Nani kachora hii?

Nilikuwa na neno mdomoni. Kwamba ni mimi, kwamba ni utani, kwamba mzee huyu hakuficha kwa tamaa. Nikaona mgambo. Nikaona barua kwa Afisa Elimu: mwalimu anaimbisha watoto siri za walanguzi, alijua, hakutoa taarifa. Nikasema, "Watoto hao, Balozi. Michezo yao tu."

Doto amenitazama.

Maganga akamgeukia Mzee, eti yeye anamjua aliyechora? Mzee akalivuta boksi karibu na jicho lake zima. Nimeandika HARAMIA juu ya kisiwa, kwa herufi zile zile za mlango wake. Ameziangalia sana. Kisha akanirudishia macho, akasema, "Watoto ni watoto, Balozi. Tuyaache."

Kanisitiri. Nimemwibia, nimemwaibisha, na bado kanisitiri. Najichukia.

Alhamisi, 15 Agosti

Kupalizwa Bikira Maria. Nimekwenda misa. Sikukomunika. Nimebaki kwenye benchi wote wakisogea mbele, na Doto akaniuliza kama naumwa.

Mlango wa kijani una kufuli la kata.

Jumapili, 18 Agosti

Nimekwenda kwa Maganga. Nimemwambia yote. Nimechora mimi, sukari niliijua mimi, ya arobaini kweli, nimewasingizia wanangu. Nilikuwa tayari kwa lolote.

Alikuwa anakula. Amenawa mikono polepole. "Mwalimu, shauri limekwisha andikwa na kupelekwa kata. Ukilifufua, mzee hapati duka, na wewe unakosa kazi. Nani atawafundisha wanangu? Nenda nyumbani."

Uani kwake wanawe walikuwa wanacheza na boksi letu.

Nilitaka kuadhibiwa. Hata hilo sikupewa.

Jumatano, 21 Agosti

Nimetoka Isikizya kwa kaka. Amenipa asali debe zima, hakuuliza mengi. Kesho arobaini. Chai itapikwa kwa asali.

Nina hofu ya kupiga hodi. Sijawahi kupiga hodi nyumba ile, huingia natukana.

Alhamisi, 22 Agosti

Nimejitwisha debe mwenyewe, kichwani, mchana kweupe, nikapita mbele ya baraza la Maganga na mbele ya wote. Nilitaka Mzee anione hivyo. Nilitaka aseme, haya, mpagazi, leo umerudia kazi ya ukoo. Njia nzima nilikuwa nalisubiri hilo.

Alikuwa mlangoni anapokea watu. Alilitua debe pamoja nami. Akasema, "Ahsante sana, Mwalimu. Mungu akulipe."

Mwalimu.

Nimepika chai. Wamesoma hitima, wamekunywa, wameisifu asali. Jikoni wanawake walingoja niwachekeshe, maana siku ya arobaini mtani ana ruhusa ya kusema lolote. Nimeosha vikombe. Wakati wa kuaga nimemfuata pembeni, nimemwambia ni mimi. "Najua," akasema. "Lala salama, Mwalimu."

Jumanne, 27 Agosti

Watoto wamepona, wamerudi shule, na mimi nimerudi. Baba yao amekuja na dagaa wa Kigoma. Upepo mwingi, vumbi kila mahali.

Kamati haijakaa. Mzee anashinda kibarazani kwake mbele ya mlango uliofungwa, anabangua karanga za kuuza kwa vikombe. Rangi yangu nyeupe bado iko mlangoni. Leo asubuhi tumepita mimi na wanangu. Nikasema shikamoo, Mzee. Akasema marahaba, Mwalimu, habari za nyumbani. Nikasema nzuri. Akawapa watoto karanga, kila mmoja kiganja chake.

Tulipofika kona Doto akaniambia, "Mama, siku hizi Babu ana adabu."